Kiti cha Apiyo

Machi 6
Mvua bado. Vumbi la Lindi, huku Kibera, limeingia mpaka kwenye maikrofoni. Opondo, dereva wangu wa boda, alinipeleka Kawangware na kunirudisha, na njiani alisimamisha pikipiki mara mbili. Hakuwa na simu ya kupokea wala mtu wa kuchukua. Alishuka tu, akasimama kando ya barabara mikono kiunoni, akatazama lori likipita, kisha akapanda tena. Nikamuuliza.
"Mguu wa kushoto umelala, madam. Ukiamka tunaenda."

Machi 8
Leo amenieleza. Kliniki wamemwambia mgongo wake umebanwa pale chini, karibu na kiuno, na kwamba abadilishe kiti cha pikipiki au aache kazi. Alinieleza huku akicheka. "Ati niache kazi. Daktari anafikiri hii ni kilabu, mtu anaamua leo siendi."
Kiti chenyewe nakijua. Ni kile kilichotoka na pikipiki kiwandani, chembamba, na sponji yake imekufa katikati. Anayekaa nyuma anavumilia robo saa. Anayekaa mbele anakikalia tangu asubuhi mpaka giza.

Machi 9
Mawingu. Hakuna mvua.

Machi 12
Pikipiki si ya Opondo. Ni ya Waruguru, mama wa Kawangware mwenye nyumba za kupangisha na pikipiki kadhaa alizowapa watu wa Kibera waendeshe. Nilikuwa na kazi huko, Opondo akaniomba tupitie kwake. Tulimkuta getini akimfokea mpangaji. Alimaliza kufoka kwanza.
"Haiya, Opondo. Unataka kubadilisha kiti? Kwani kile kingine kimeenda wapi?"
"Kiko, mathe. Kinaniumiza mgongo."
"Mgongo ni wako ama ni wangu?"
"Ni wangu."
"Basi nunua wewe. Na hicho cha zamani ukilete hapa nikiweke. Siku utanirudishia pikipiki, nataka ikiwa na kiti changu." Akanigeukia. "Na wewe wa redio, usiende kusema nimekataa. Nimekubali."
Naandika hapa kwamba alikubali.

Machi 15
Tulikwenda kwa Muchiri, fundi wa viti, Kawangware. Kibanda chake kimetundikwa viti kwenye misumari kama nyama buchani. Opondo aliniomba niende naye, nadhani kwa sababu mtu mwenye maikrofoni haibiwi sana.
Muchiri alishusha vitatu. Cha kwanza kirefu na bapa, cha kubeba abiria wawili mpaka watatu, na dereva anabaki amebanwa kwenye tangi. Cha pili kinene na laini, kimejazwa sponji ya godoro. Cha tatu kina ngazi mbili. Pa dereva pamekatwa kwa umbo la makalio, papana nyuma, pembamba mbele ili miguu ifike chini. Sponji yake ni ngumu, unaibonyeza na hairudi ndani sana.
"Hiki laini ndicho kinaenda," Muchiri alisema. "Mtu anakuja, anabonyeza na kidole gumba, anasema hapa sasa, analipa. Mwezi ukiisha amekalia chuma."
"Na unawauzia?"
"Wanabonyeza wenyewe, madam."
Opondo hakubonyeza. Aliomba kila kiti kifungwe kwenye pikipiki, akaagiza chai ya kibanda cha jirani, akakaa. Kile kirefu alikitoa kabla chai haijaletwa. Kwenye kile kinene miguu yake iligusa chini kwa ncha za vidole tu. "Hapa kwa matope ya Lindi naanguka na mtu," akasema, akashuka. Kwenye cha tatu alikaa mpaka chai ikapoa na Muchiri akaanza kushona kazi ya mtu mwingine. Opondo alikuwa akitazama kiatu chake cha kushoto. Nilielewa baadaye kwamba alikuwa anachezesha vidole ndani yake, kuhakikisha bado vipo.
"Hiki," akasema.
Desturi ya watu wa boda ni kwamba kiti kipya hakitoki bila maneno. Muchiri alimwonyesha aliyonayo tayari: jina la timu ya mpira, jina la Mungu, matusi kwa majirani. Opondo alitaka jina moja tu, APIYO, kwa uzi mweupe, upande wa nyuma.
"Ni nani huyo?"
"Ndiye amelipa."
Apiyo ni mke wake. Anauza majaketi ya mitumba Soko la Toi, na mzigo mzima wa baridi hii umegeuka kiti. Muchiri alishona, akapaka gundi upande wa ndani. "Sindano inatoboa letha, hii ngozi ya juu," akamwonya. "Uzi na gundi ndiyo inaziba. Usikubali mtu achezee hizi herufi. Zikitoka, hapa ni chujio."

Machi 18
Mvua imeanza.

Machi 21
Stejini Lindi, pale boda wanaposubiri abiria, wamekipokea kiti kwa kelele. Kila mmoja alitaka kukikalia. Okello, mwenyekiti wa steji, alikikalia muda mrefu kuliko wote, akapigapiga pembeni kama anayenunua ng'ombe.
"Omera, hiki ni kitanda," alimwambia Opondo. "Apiyo amekupenda."
Okello namheshimu. Pale stejini hakuna ngumi kwa sababu kuna foleni, na foleni ni yake. Aliyefika kwanza hubeba kwanza, akirudi anakaa mwisho. Mkubwa au mdogo, hakuna anayepita. Nimeona madiwani walioshindwa kupanga watu namna hiyo.

Machi 25
Opondo hajasimama njiani wiki hii. Amenipeleka Kawangware na kurudi kwa mkupuo mmoja, mvuani, akiimba.
Asubuhi pikipiki ya mbele kwenye foleni ilikuwa ya Billy, kijana mmoja wa steji. Nilimpita nikapanda ya Opondo. Billy akaita, "Madam, foleni!" Nikamwambia nina haraka. Ukweli ni kwamba nilitaka kile kiti.

Machi 28
Nimetoa taarifa fupi redioni kuhusu migongo ya waendesha boda. Nilimtaja Opondo, nikataja kiti, nikaeleza tofauti ya sponji laini na ngumu. Mhariri aliipenda. Alisema ina msaada.

Machi 29
Watu watano wamefika stejini kabla ya saa mbili wakiuliza, "Apiyo yuko?"

Aprili 3
Matope mpaka kwenye vifundo. Nilisimama stejini kusubiri mvua ipungue, nikahesabu kwa macho tu: anayefika anaangalia nyuma ya viti, anasoma, anakwenda kwa Opondo. Billy, aliyekuwa mbele, alibaki mbele asubuhi nzima.
Billy ana miaka ishirini na minne. Opondo ndiye aliyemfundisha kuendesha, kwenye uwanja wa kanisa, akimshikilia kiti kwa nyuma.
"Buda, unatuua," alimwambia leo.
"Si mimi naita watu. Wanakuja."
"Waambie waende mbele."
"Niwaambie wakalie chuma chako? Wewe pia nunua kiti."
Alisema hivyo akitabasamu. Sikumjua Opondo huyu. Baadaye mama mmoja mzee alifika na ndoo ya samaki inayovuja, akitaka kwenda reli. Opondo alimtazama, akatazama kiti chake. "Mama, panda ya mwingine. Hii utaichafua." Wote walisikia. Yule mama alipanda ya Billy, na maji ya samaki yakamchuruzikia Billy mgongoni mpaka reli.

Aprili 4
Mvua. Mvua.

Aprili 8
Utani umeanza. Ukipita stejini jioni unausikia.
"Leo Apiyo amekaliwa na wangapi?"
"Mpaka yule fundi wa maji? Mnene vile?"
"Apiyo hachoki, maze. Ana sponji ngumu."
Opondo alicheka nao mara ya kwanza. Mara ya pili akawasha pikipiki, akazima, akawasha tena.

Aprili 11
Kikao cha steji, chini ya mabati, mvua ikipiga juu mpaka mtu anapaza sauti ili asikike. Niliruhusiwa kukaa bila maikrofoni. Okello aliendesha kikao vizuri, kama kawaida yake.
"Hakuna mtu anamkataza Opondo kiti," alisema. "Mgongo ni mgongo. Lakini hapa kuna foleni. Kastama akifuata kiti, foleni imekufa, na foleni ikifa tutapigana na vyuma. Sasa mimi nasema hivi. Kama kastama wanataka kiti, kiti kifuate foleni."
Hapo hata mimi sikuelewa mara moja.
"Pikipiki zetu zote ni za aina moja," akaendelea. "Kiti ni bolti mbili. Kila asubuhi anayefungua foleni anakifunga kwake, anashinda nacho. Kesho mwingine. Opondo naye siku yake itafika."
"Na siku zingine nakalia nini?" Opondo aliuliza. "Cha zamani nilirudisha kwa mathe."
"Utakalia cha yule mwenye zamu. Mnabadilishana. Ni haki."
"Nilikinunua kwa sababu ya mgongo, chairman."
"Na sisi hatuna migongo?" Billy alisema, na kicheko kikawa kikubwa kuliko mvua.
Okello akaita mikono. Kibandiko cha steji ndicho kinachompa mtu ruhusa ya kusimama pale. Bila hicho utazurura barabarani ukifukuzwa na kila steji. Mikono ikainuka yote. Wa mwisho ulikuwa wa Opondo mwenyewe. Uliinuka nusu, Okello akausubiri, ukafika juu.
Ulikuwa uamuzi wa haki, ukiufuata hatua kwa hatua. Nilirudi nyumbani nikautafuta ufa, sikuupata.

Aprili 12
Kiti kilianza kwa Okello.

Aprili 16
Leo kiko kwa Billy. Alipita mbele ya kibanda cha chai akisimama kwenye vikanyagio, akikipiga kiti kofi kwa nyuma, pale penye jina. "Apiyo! Twende kazi!"
Opondo alikuwa kwenye kiti cha Billy. Alisimama mara tatu kati ya Lindi na Kawangware. Mara ya tatu nilishuka nikatembea.

Aprili 17
Hakuna umeme. Hakuna la kuandika.

Aprili 22
Apiyo alikuja stejini.
Sikuwa nimemwona tangu Machi. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, wa kukunja jaketi mpaka mikunjo inyooke. Kule Toi, mteja wake mmoja alikuwa amemwambia mbele ya wenzake, bila ubaya wowote, "Leo nimeletwa na Apiyo wa Okello." Na mwingine akasema, "Mimi jana nilipanda Apiyo wa Billy." Hakuwa amejua lolote. Opondo hakumwambia kuhusu kikao; alikisikia hapo sokoni.
Kiti kilikuwa zamu ya Okello tena. Okello mwenyewe alikuwa amekikalia akila mahindi.
"Shuka," Apiyo akasema.
"Shemeji, karibu. Tulikuwa tunacheka tu, si unajua wanaume."
"Chekeni. Mimi sijakuja kukataza. Shuka nifanye kazi."
Okello alishuka. Apiyo akachomoa kutoka kwenye kilemba chake wembe uliokunjwa kwenye karatasi, ule anaotumia sokoni kufumua mishono ya makoti, akachuchumaa nyuma ya pikipiki. Alianza na herufi ya kwanza. Alikuwa anakata uzi, anauvuta, anauweka juu ya goti, anakata tena. Billy ndiye aliyeanza kuhesabu.
"A imeenda!"
Wakacheka.
"P hiyo, inaenda! Kwaheri P!"
Opondo alikuwa kwenye foleni, pikipiki ya nne au ya tano, amevaa koti la mvua. Mvua yenyewe ilikuwa imekata. Aliangalia upande wa reli. Herufi ya tatu ilipotoka, alisema kitu kimoja tu.
"Apiyo, maji itaingia."
"Iingie."
"Fundi alisema usitoe uzi."
Apiyo aligeuka hapo, wembe mkononi. "Ulipoinua mkono kwa hiki kikao chenu, uliinua na wangu?"
Opondo akageukia reli tena. Apiyo akamaliza. Aliukusanya ule uzi mweupe, akaukunja kwenye karatasi pamoja na wembe, akaurudisha kilembani. Herufi bado zilisomeka kwa matundu. Ukisimama karibu ungeweza kuzisoma, lakini kwa mbali kilikuwa kiti cheusi tu.
"Asante, shemeji," Okello alimwambia alipokuwa akiondoka. Nadhani alimaanisha. Kelele zilikuwa zimeanza kumchosha.

Aprili 24
Mvua ya usiku kucha. Mto umepanda.

Aprili 27
Muchiri hakukosea. Maji yameingia kwa matundu. Sponji ngumu ikishashiba maji haiyatoi, inakaa nayo. Abiria akishuka, nyuma yake kuna doa mpaka mapajani. Mwalimu mmoja aliyekuwa akienda kazini Kawangware alimtukana Billy kwa Kiingereza na Kikuyu.

Aprili 29
Zamu zimekwisha. Hakuna kura iliyopigwa. Asubuhi Billy alifungua bolti zake mbili, akakiweka kiti juu ya pikipiki ya Opondo, akapangusa mikono kwenye suruali.
"Sasa ni chako, buda. Haki yako."
Okello aliongeza, "Ni kweli, omera. Uliteseka. Kaa nacho."
Opondo alikipokea. Alisema asante. Nilikuwa hapo, alisema asante.

Mei 2
Anakifunika kwa mfuko wa plastiki. Plastiki inateleza, kwa hivyo anashika kwa mapaja na kukaza mgongo kila akifunga breki. Hakuna abiria anayemtafuta tena. Anakaa kwenye foleni kama wengine, na zamu yake ikifika, mtu akipapasa kiti na kukuta baridi, anapita kwenda ya nyuma. Sasa hakuna anayepiga kelele za foleni.
Nimepanda mimi. Sketi ililowa.
Nilimuuliza kwa nini asirudi kwa Muchiri. "Apiyo haongei na mimi," alisema, kana kwamba hilo ndilo jibu. Labda ndilo.

Mei 5
Mvua.

Mei 6
Mvua.

Mei 9
Saa nne asubuhi Opondo alifika stejini na abiria, abiria akashuka, akalipa, akaenda. Opondo hakushuka. Alikaa na injini ikiwaka, mikono kwenye usukani, miguu yote chini kwenye matope.
"Songa nyuma, buda, umeziba njia," Billy akamwambia.
"Siwezi."
"Kwani umegandishwa?"
"Siusikii mguu. Siusikii wote."
Walicheka. Naandika kama ilivyokuwa. Mmoja alimwigiza, akakaa juu ya kreti ya soda, macho mbele, mdomo wazi. Kicheko kilikwisha walipoona mkojo ukishuka kwenye koti la mvua. Okello alizima injini, akawapanga watu wanne, wawili kwapani, wawili magotini, wakamwinua. Plastiki ilinata kwenye suruali yake, ikainuka naye, na maji yaliyokuwa chini yake yakamwagika.
Walimlaza juu ya meza ya muuza mboga. Kabla gari halijapatikana, Billy alikuwa ameisogeza ile pikipiki mpaka nyuma ya foleni. Hakutumwa. Ilikuwa imeziba njia.

Mei 12
Nilikwenda Kawangware kwa pikipiki ya mtu mwingine, kumuuliza Waruguru. Alinikaribisha chai.
"Nilimwambia mgongo ni wake," alisema. "Nilimdanganya?"
"Hapana."
"Nilimkataza kubadilisha kiti?"
"Hapana."
"Basi andika hivyo." Aliniongeza sukari bila kuniuliza. "Pikipiki ikilala siku moja, mimi ndiye nalala njaa? Hapana. Lakini ni chuma, na chuma kikilala kinashika kutu. Nimempa yule kijana, Billy. Jana alikuja kuomba hata kabla sijasikia habari; ile aliyokuwa nayo ni ya mtu mwingine. Nikampa na kile kiti cha zamani akirudishie. Ni kijana mzuri, ananiita mum."

Mei 15
Hospitali. Opondo anasogeza mguu wa kulia. Wa kushoto unasogea kidogo. Daktari anasema atatembea, na kwamba asipande pikipiki tena maishani. Apiyo alikuwa pale, anamlisha uji kijiko kwa kijiko. Hawaongei. Akimaliza uji anampangusa mdomo kwa nguvu, kama anayefuta meza.

Mei 23
Mvua imepungua. Matope yanaanza kukauka juu.

Juni 4
Jua. Mhariri anataka taarifa ya pili kuhusu migongo, kwa sababu ya kwanza ilipendwa. Ameniambia nianze na mwenyekiti wa steji.
Nilikwenda asubuhi. Wamejenga mabati mapya. Chini yake, juu ya mawe mawili ya ujenzi, wameweka kile kiti cheusi, na pale ndipo mwenyekiti hukaa akipanga foleni. Pembeni Opondo alikuwa anaosha pikipiki ya Billy. Okello amempa kazi hiyo, na kila mwanachama wa steji analazimika kuosha kwake. Billy aliniambia hakuna steji nyingine Kibera inayomtunza mtu namna hiyo, na huenda ni kweli. Anaosha ameinama, mkono mmoja kwenye tairi, mguu wa kushoto umenyooka pembeni kama kitu alichokiegemeza hapo kwa muda.
Okello aliinuka kunipisha. "Madam, kaa hapa. Mgeni hakai kwa jiwe."
Nilisita. Opondo hakuinua kichwa, aliendelea kusugua mnyororo.
"Kaa mbele," alisema. "Nyuma bado kuna maji."
Nikakaa mbele, pale pa dereva. Mahojiano yalichukua saa nzima. Mguu wangu haukulala.